Goma: mbao hazikuletwa na volkano, zililetwa na karatasi

Tembea mitaa ya Goma, mashariki mwa Kongo, Majengo, Katoyi au Ndosho, ukihesabu nyumba: mbao, mbao, mbao, moja ya mawe, kisha mbao tena. Hata Himbi, karibu na ziwa, ambako bei ya kiwanja huwafanya wanunuzi washike vichwa, utakuta kibanda cha mbao kimekaa peke yake katikati ya kiwanja kama zamu, mlinzi wa usiku. Ukiuliza kwa nini, jibu liko tayari mdomoni mwa kila mtu: Nyiragongo. Nani amwage simenti chini ya mlima unaotapika moto?

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila ukilipeleka kwenye hesabu linaishiwa nguvu.

Tuanze na mlima wenyewe. Katika miaka hamsini hivi iliyopita lava imeshuka mara tatu. Tarehe 10 Januari 1977 iliua watu vijijini kaskazini lakini haikufika katikati ya mji. Tarehe 17 Januari 2002 ilipita juu ya sehemu ya uwanja wa ndege, ikakata mji katikati na kuingia ziwani Kivu. Takriban sehemu moja kwa nane ya mji iliharibika, na zaidi ya watu laki moja wakabaki bila makao. Tarehe 22 Mei 2021 ilimeza nyumba upande wa teritware (wilaya) la Nyiragongo, ikasimama Buhene, mlangoni mwa mji. Sasa gawanya: sehemu moja kwa nane katika miaka hamsini ni kama robo ya asilimia moja kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Bila shaka hatari haikugawanywa sawa. Aliye kaskazini, karibu na nyufa zinazoshuka kutoka mlimani, anabeba zaidi kuliko aliye Keshero. Lakini hata ukimzidishia mara nne, anafika asilimia moja. Kwa hatari ya asilimia moja, watu wa miji mingine hujenga ghorofa.

Na tusisahau kwamba mwaka 2002 watu walirudi mjini baada ya siku chache tu, na wakaanza kusimamisha mbao juu ya lava ambayo chini yake bado ilikuwa na joto. Hawakurudi kwa ujinga. Goma ina ziwa kusini, mpaka wa Rwanda mashariki, mlima kaskazini, na Hifadhi ya Virunga inaubana upande wa magharibi na kaskazini. Mji kama huo hauna pa kukimbilia. Kilicho na bei hapo ni ukaribu na barrière (kituo cha mpaka na Rwanda), na Birere (mtaa wa biashara), na bandari. Udongo wenyewe haukuwahi kuwa na bei. Lava ilifunika udongo, ukaribu ukabaki pale pale.

Basi tufanye hesabu ambayo kila mwenye kiwanja huifanya kichwani, hata asipoiandika. Namba hizi ni za mfano tu, za kuonyesha mwendo wa hesabu. Kiwanja unacho tayari. Nyumba ya mbao itakugharimu dola 3,000 na kukuingizia pango la dola 50 kwa mwezi. Nyumba ya kudumu, ya mawe na simenti, itakugharimu dola 20,000 na kukuingizia dola 200. Ukichagua ya kudumu, umeongeza dola 17,000 ili upate dola 150 zaidi kila mwezi, yaani 1,800 kwa mwaka. Ni zaidi kidogo ya asilimia 10. Si mbaya.

Lakini jiulize ikitokea umeondolewa pale. Nyumba ya kudumu inabaki na aliyekuondoa: umepoteza 20,000. Ya mbao unang'oa misumari, unapakia mbao na mabati juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, unaokoa kama nusu: umepoteza 1,500. Tofauti ni dola 18,500. Gawanya 1,800 kwa 18,500 na utaona kwamba uwezekano wa kuondolewa ukikaribia mmoja kwa kumi kila mwaka, faida yote ya simenti imekwisha. Weka na kodi ya mapato ya pango, tuseme asilimia 22, na kizingiti hicho kinashuka hadi kama asilimia saba na nusu. Hapo sijahesabu miezi nyumba inapokaa tupu wala rangi ya kila baada ya miaka mitatu. Na hata hatari ikiwa asilimia 5 tu, kinachobaki kabla ya kodi ni kama asilimia 5 ya zile 17,000, wakati pesa hiyo hiyo ikiwekwa kwenye bidhaa zinazovuka Petite Barrière inaweza kuzunguka mara kadhaa ndani ya mwaka mmoja.

Ndiyo maana kibanda kile cha Himbi si nyumba kwa maana ya uwekezaji. Uwekezaji ni kiwanja. Kibanda ni mlinzi anayelipa pango badala ya kulipwa mshahara: kinawaambia wapita njia kwamba hapa pana mwenyewe.

Swali linalobaki ni hili: kama mlima hauzidishi asilimia moja, hizo nyingine saba au nane zinatoka wapi? Zinatoka kwenye makaratasi.

Sheria ya 20 Julai 1973, iliyorekebishwa 1980, inasema ardhi yote ni mali ya Serikali, haiuzwi. Raia hupewa haki ya kuitumia: haki ya kudumu kwa Mkongomani kama mtu binafsi, na haki ya muda, miaka 25 inayoweza kurudiwa, kwa mgeni au kampuni. Haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja tu, hati ya usajili inayotolewa na konservateri (msajili wa hati za ardhi), ile watu wanayoiita sertifika. Njia ya kuifikia ni ndefu. Unaomba kiwanja, watu wa kadasta wanashuka kupima, wanapanda mawe ya mpaka na kuchora ramani ndogo, unapewa mkataba wa kukodi usiozidi miaka mitatu, unajenga, wanarudi kushuhudia kwamba umejenga kweli, unapewa mkataba wa haki yenyewe, mwishowe hati. Kila kituo kina ada yake iliyoandikwa, na nyingine isiyoandikwa. Kwa hiyo wengi husimama njiani. Wana karatasi ya mauziano yenye sahihi za mashahidi, fishi (fomu) kutoka kwa shefu wa kartie (mkuu wa mtaa), labda mkataba wa kukodi uliokwisha muda zamani, nao wanaamini wananunua na kuuza viwanja.

Muhuri wa shefu wa kartie haumpi mtu ardhi. Unashuhudia kwamba fulani anakaa pale. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayolisha kesi nyingi za viwanja mahakamani, maana shefu akibadilika, au akishuhudia mara mbili, wanunuzi wawili wanakutana mlangoni wakiwa na mihuri inayofanana kabisa.

Ukielekea kaskazini mambo yanazidi. Munigi, Kibati na sehemu ya Buhene ziko chini ya usheferi (utawala wa chifu) wa Bukumu, ambako ardhi hutolewa kimila, na mpaka kati ya mji na teritware la Nyiragongo umebishaniwa miaka na miaka. Sheria ya 1973 iliahidi amri ya Rais ya kupanga haki za wakaaji kwenye ardhi za kimila. Miongo ikapita bila amri hiyo. Mnunuzi wa Buhene basi ana karatasi ya mila mkononi, kisha anakuja mtu wa mji na karatasi ya mji, na wote wawili wanadai kodi. Hapo ndipo hata mwenye pesa hujenga mbao, na anajua anachofanya.

Ukitaka kujua kama kiwanja kinafaa kuwekewa simenti, usianze na komisioneri, yaani dalali. Chukua namba zilizo kwenye hati, kitabu na ukurasa, uende nazo kwa konservateri kulinganisha na nakala iliyobaki kitabuni, kwa sababu kila hati huandikwa mara mbili. Ukurasa huo ndio unaoonyesha kama kuna rehani au zuio. Angalia tarehe: hati ikipita miaka miwili haivunjwi kirahisi, anayelalamika hubaki kudai fidia, kwa hiyo hati ya miezi mitatu kwenye kiwanja chenye historia ndefu inapaswa kukukosesha usingizi. Kisha dai kumwona mke, au mume. Sheria ya familia inataka wenye ndoa wote wawili wakubali kabla haki ya ardhi haijahamishwa, haijalishi walioana kwa mpango gani wa mali. Na kama mwenye jina kwenye hati amefariki, usikubali kaka mkubwa aseme kwa niaba ya wote. Kila mrithi aweke sahihi, pamoja na yule aliyeko Kampala ambaye "hana neno". Huyo ndiye hurudi.

Nimesema lava haielezi mbao. Lakini inaeleza kitu kingine ambacho wanunuzi wapya huja kukijua wakiwa wamechelewa: bei ya kiwanja Goma haijumuishi kiwanja. Inajumuisha mahali tu. Uwanja wenyewe, yaani sehemu tambarare ya kusimamisha nyumba, utautengeneza mwenyewe kwa nyundo na baramini (mtaimbo).

Chukua kiwanja cha mita 15 kwa 20, mita za mraba 300, kwenye lava yenye vilima na mashimo. Kama wastani wa kuondoa ni nusu mita, hizo ni mita za ujazo 150 za jiwe, na kila moja ina uzito unaozidi tani mbili. Jiwe likivunjwa linafura, kwa sababu vipande haviketi vizuri pamoja: 150 zinakuwa kama 220 za kubeba. Kwa lori la mita tano hizo ni safari 44, na kila safari inalipiwa. Hapo ndipo upana wa avenyu unapoingia kwenye bei: lori lisipofika mlangoni, jiwe litabebwa kichwani hadi barabarani na simenti itarudi kwa njia hiyo hiyo. Viwanja viwili vinavyopakana kwa mgongo, kimoja kikitazama njia ya gari na kingine kichochoro, havina bei moja hata vikilingana kwa kamba.

Mwenye akili hasafirishi jiwe lake. Ukuta wa kuzunguka kiwanja hicho una urefu wa mita 70. Ukiujenga mita mbili kwenda juu na sentimita 40 unene, unameza mita 56 za ujazo, ambazo karibu theluthi yake ni mchanga na simenti. Msingi wa nyumba ya mita 8 kwa 10 pamoja na kuta za ndani unameza kama 20 nyingine. Mashimo ya kiwanja chenyewe yanajazwa na kinachobaki, na kokoto inauzwa. Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni pesa: vunja kwanza, panga mawe kwa ukubwa, jaza mashimo kwa vipande vidogo na ushindilie kwa tabaka, ndipo ujenge. Anayeanza na ukuta kwa mawe ya kununua, kisha akavunja ndani na kulipa malori kuyatoa, amelipia jiwe mara mbili. Tunaliona kosa hili kila mtaa.

Choo ni hadithi ya peke yake. Shimo la mita 1.5 kwa 2, kina mita 3, ni mita za ujazo 9 tu, lakini ni jiwe linalovunjwa mtu akiwa amejikunja ndani ya shimo, hivyo kila mita ya ujazo huko chini ina bei ambayo haifanani na ya juu. Wengi huchimba mita moja na kuinua choo juu ya ngazi. Wengine hukutana na ufa, wakafurahi kwa sababu shimo "halijai kamwe". Halijai kwa sababu linamwaga kwenye miamba chini ya jirani, na njia ya maji ya miamba hiyo inaelekea ziwani, ambako mji huvuta maji yake ya kunywa. Mwenye kiwanja ameokoa pesa, na gharama imehamia kwenye madumu ya watu wengine. Ada ya kibali cha kujenga ingekuwa na maana kama ingetofautisha choo chenye sakafu iliyozibwa na choo cha ufa.

Kuelekea magharibi, Keshero, Lac Vert hadi Bulengo, ongeza mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayolala kwenye mabonde hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Kuku na mbuzi waliokufa bila jeraha ndani ya shimo ni ishara inayosomwa na kila mwenyeji. Mjenzi anapochimba msingi au choo anaweza kutengeneza bonde jipya la mazuku ndani ya nyumba yake. Kiwanja cha chini chenye majani mazuri na bei laini upande huo kinahitaji maswali kwa wachunga mbuzi kuliko kwa komisioneri. Usilaze mtu kwenye chumba kilicho chini ya usawa wa ardhi, na usimshushe mchimbaji asubuhi mapema bila kupima. Mshumaa unaozimika unakuonya, lakini hewa inaweza kuanza kumdhuru mtu kabla mshumaa haujazimika.

Turudi kwa kibanda cha Himbi, kwa sababu kina mshirika mwingine: kodi ya ardhi. Kwa Katiba ya 2006 kodi hiyo ni ya jimbo, lakini mifupa yake bado ni ile ya sheria ya 1969: inahesabiwa kwa daraja la mahali na kwa ukubwa au aina ya jengo, haihesabiwi kwa thamani ya kiwanja sokoni. Barabara ikiwekwa lami, taa zikifika, kiwanja kitupu kinapanda bei wakati mwenyewe amelala, na kodi yake inabaki pale pale. Jirani aliyejenga villa analipa kwa kila mita ya mraba aliyoijenga. Yaani anayejenga anatozwa kwa kujenga, na anayesubiri hatozwi kwa kusubiri. Halafu tunashangaa mji unapanda kuelekea Kibati, miguuni pa mlima, wakati katikati yake kuna viwanja vinavyolindwa na mbao kumi na mbili.

Wapo wanaotaka mbao zipigwe marufuku kwenye mitaa ya katikati, wakitaja moto, na ni kweli moto wa Birere au Mapendo hausubiri gari la zimamoto. Lakini marufuku ya namna hiyo inagusa dalili. Mpangaji wa dola 50 hatahamia nyumba ya 200; atahamia kaskazini.

Kinachoweza kupunguza zile asilimia saba kipo, na kimefanyika umbali wa kutembea kwa miguu. Ng'ambo ya barrière, Rwanda ilipima na kuandikisha ardhi nchi nzima kati ya 2009 na 2013, vipande zaidi ya milioni 10, kwa dola chache kwa kila kipande. Siri ya bei hiyo ilikuwa kupima mtaa mzima kwa pamoja: wapimaji wanafika siku moja, majirani wote wamesimama kwenye mipaka yao, ubishi unaandikwa hapo hapo. Goma kila mtu humleta mpimaji wake kwa siku yake, jirani hayupo, na mpaka unaopimwa peke yake unazaa kesi. Avenyu yenye viwanja 40 ingepimwa kwa safari moja badala ya 40. Hilo halihitaji sheria mpya.

Ila tusiige kila kitu. Baada ya kuandikisha kwa bei nafuu, Rwanda iliweka ada moja ya kuhamisha jina kwa kiwanja kidogo na kikubwa, na wenye vipande vidogo wakarudi kuuziana kimya kimya. Daftari linaanza kudanganya siku ya kwanza ambapo kuuza kihalali kunagharimu kuliko kuuza kwa siri. Ada ya kuhamisha ikipandishwa ili kulipia upimaji, kazi yote imekwenda bure.

Tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, hesabu hii imebadilika kwa namna mbili. Benki zilifungwa, na hati ambayo ilikuwa na thamani kwa sababu inaweza kuwekwa rehani ikabaki bila wa kuipokea. Na muhuri unaogongwa na upande mmoja unaweza kukataliwa na upande mwingine, hivyo mauziano ya kipindi hiki yana hatari ambayo hata konservateri mwaminifu hawezi kukuondolea. Kiwanja cha bei ya kutupa chenye hati iliyohamishwa jina juzi kinabeba hatari hiyo ndani ya bei yake. Anayelazimika kununua sasa alinganishe na hati ya zamani, ashike nakala ya jina lililotangulia, apate sahihi ya muuzaji na mwenzake wa ndoa mbele ya mashahidi wasio watu wa ofisi, na juu ya kiwanja hicho, kwa miaka hii, asimamishe mbao.